Masufuria Sita ya Bi. Zuwena

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.
Jumanne, mwishoni mwa Mfungo Mosi

Dada yangu mpenzi Tausi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla hujavaa miwani, na sasa unaitafuta miwani yenyewe nayo iko kichwani. Ishushe machoni, ukae, maana leo nina maneno mengi. Mimi mdogo wako ni mzima, ila goti la kushoto limekataa katakata kuzoea ngazi za nyumba hii. Ni ghorofa ya tatu, na ngazi zake zilijengwa na mtu aliyewachukia watu wafupi. Asha mke wangu naye ni mzima, anakusalimu, anasema kanga ulizomtumia amezivaa Idi na wanawake wa hapa wameziulizia.

Vipi presha yako? Na shemeji, ameacha kupanda juu ya paa kuziba mabati mwenyewe? Mwambie umri wetu huu mtu haanguki mara mbili, ya kwanza inatosha. Mvua za Ujiji zimekwishaje? Huku zilikuja kwa fujo, zikaondoka, zikarudi kama zimesahau kitu.

Ulinilalamikia kwenye simu kwamba kila nikipiga nasema "kazi ipo, namshukuru Mungu," kisha nakata, na kwamba ukiulizwa Athumani anafanya nini huko Zanzibar unajibu "yuko na makompyuta" kama vile nimeugua makompyuta. Umesema kweli. Basi leo nakueleza, na bahati yako kuna habari njema ya kueleza.

Kazi yangu ni kuandika programu, yaani yale maagizo yanayoifanya kompyuta au simu ijue la kufanya. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Tumo watu wawili na feni. Mkubwa wangu anaitwa Rahma, binti wa hapa hapa Mkunazini, ana miaka thelathini na minne. Mimi ninayo hamsini na moja. Ningeweza kumzaa, lakini yeye ndiye anayenipa ruhusa ya kwenda kula.

Rahma ni mwema sana kwangu, na sikustahili, maana mwaka jana nilimtia aibu. Walikuja watu wa Kizimkazi, kusini huko, wenye mashua za kuwapeleka wageni kutazama pomboo. Walitaka programu ya kupangia safari. Mimi niliposikia "mashua" na "wageni" nikawa nimeshaelewa, unanijua. Hata chai sikuimaliza, nikaanza kuandika. Wiki mbili, kitu kinang'aa: mgeni anaomba safari kwa simu, nahodha wa kwanza kubonyeza anaipata. Siku tulipoizindua, manahodha nusura wakamatane mashati. Kumbe kule kuna zamu. Mashua hupokezana kwa utaratibu wa tangu baba zao, na programu yangu iliwapa safari zote vijana wawili wenye simu za kasi. Mzee mmoja akaniambia kwa upole, "Bwana, kwani hukutuuliza?" Angenitukana ningeona nafuu.

Tuliporudi, Rahma akatia sheria. "Kaka Athumani, tangu leo hapana kuandika programu humu mpaka mpango uandikwe, usomwe, ukosolewe, na mwenye kazi akubali. Nshakwambia. Na mpango hutouandika peke yako. Utauandika na huyu."

Nikageuka nikidhani kuna mtu mlangoni. Alikuwa ananionyesha skrini.

Ndiyo ile akili mnemba mnayoisikia redioni, Dada. Unaiandikia kwa Kiswahili kama ninavyokuandikia wewe, nayo inakujibu. Mimi namwita msaidizi. Anaweza kuandika programu nzima kwa muda wa kuchemsha chai, kazi ambayo mimi ningeifanya kwa wiki mbili na kununa juu yake. Utasema basi, Athumani afungashe arudi nyumbani. Nami ndivyo nilivyodhani. Lakini msaidizi ana ugonjwa ule ule wangu: ukimwambia jambo nusu, atajenga nusu hiyo, upesi, kwa uhakika mkubwa, na itapendeza. Ndiyo maana Rahma anatuweka chini sote wawili kabla hatujashika nyundo. Tuzungumze. Yeye aulize, mimi nijibu, tuandike, tufute, tuandike tena.

Sasa mwenye kazi. Kuna mama mmoja anaitwa Bi. Zuwena, anakaa Bububu, kaskazini kidogo ya mji. Ni mpishi wa harusi, na mama yake alikuwa mpishi wa harusi kabla yake. Anao wanawake kumi na mmoja wa kupika naye, na masufuria makubwa sita ambayo mtu wa kimo changu anaweza kuoga ndani yake bila kujibana. Mpishi kama huyu huku hakodiwi kama viti. Huitwa. Huja siku moja kabla, wanawake wa mtaa wanakaa naye kuchagua mchele na kumenya mbatata, ndivyo wanavyoviita viazi hapa, na mpaka kesho yake amekwishakuwa mtu wa nyumba ile. Akimaliza kupika huondoka, na masufuria huyaacha pale pale, kwa kuwa chakula bado kimo ndani na watu wanakula mpaka jioni.

Mwezi wa Shaabani, kabla ya kufunga, alipika Matemwe siku ya Alhamisi. Matemwe ni mbali, pwani ya kaskazini mashariki. Jumapili alitakiwa apike hapa mjini. Jumapili imefika, masufuria hayapo. Nyumba ya watu imejaa wanaume waliotoka kusali adhuhuri, wamekaa kwenye majamvi wanatazama mlango, na mama wa watu anakimbia nyumba hii na hii kuazima visufuria. Chakula kilitoka baada ya alasiri, wengi wamekwishaondoka. Maneno yakatembea. Nyumba mbili zilizokuwa zimemwita zikamwita mwengine.

Alipokuja ofisini kwetu alikaa, akavua viatu, akasema, "Mie sina kitu, baba. Nna jina tu. Mara hii watu wamenisamehe, mara ya pili hawanisamehe. Mfungo Mosi, Ramadhani ikishatoka, nnazo harusi mbili wiki moja, Alhamisi Matemwe, Jumapili mjini, vile vile kama ilivyokuwa. Basi nambieni, mashine yenu yanisaidia, au nikae nikauze vitumbua?"

Rahma akanitazama mimi. Mimi nikaitazama feni.

Tukalifanyia kazi mwezi wote wa Ramadhani, wakati hakuna harusi. Siku ya kwanza nilimwandikia msaidizi: nataka programu ya mpishi wa harusi, ijue tarehe, mahali na vyombo. Kabla sijaegemea kiti akanipa mpango wa kurasa nane. Idadi ya wageni, idadi ya sahani, uma na visu, mpangilio wa meza, na ujumbe wa simu wa kumpelekea kila mwalikwa ajibu "ndiyo" au "hapana." Nikaupenda. Nikauchapisha, nikaupeleka Bububu nikiwa nimevaa shati la Ijumaa.

"Kwanza, Bi. Zuwena, harusi moja huwa na wageni wangapi?"

"Wageni hawahesabiwi."

"Sasa unajuaje chakula cha kutosha?"

"Kwa sinia. Nyumba hunambia sinia arubaini za wanaume, hamsini za wanawake. Sinia moja hukaa wanne. Akija wa tano, wanamsogelea. Akija wa sita huyo ni ndugu yangu mie, mtilieni mfupa."

Nikakata ukurasa wa kwanza. "Haya, na hii. Kila mwalikwa atapelekewa ujumbe, ajibu kama atakuja au hatokuja."

Akanitazama usoni. "Kwenu Kigoma mwalikwa huulizwa kama atakuja?"

"Hapana, Bi. Zuwena."

"Basi huyo mwenzio kazaliwa wapi?"

Nikarudi mjini na kurasa mbili kati ya nane. Nikamweleza msaidizi, akanishukuru sana kwa ufafanuzi, akaupanga mpango upya kwa sinia. Nikamwambia masufuria hayatakuwa na namba, yana majina: Tajiri, Mpole, Mgomvi ambalo huunguza wali ukiligeuzia mgongo, na mengineyo. Akanishukuru. Nikamwambia hakuna meza. Akanishukuru. Dada, nimeoa mara moja, nimefanya kazi chini ya mabosi wanne, sijapata kushukuriwa kwa wingi kiasi hiki, na hilo ndilo lililoanza kunitia wasiwasi. Mtu anayekukubalia kila kitu hakulindi na kitu.

Nikamwambia Rahma. Akacheka, akasema, "Huyo kashakuzoea. Mfungulie mazungumzo mapya, asijue kuwa ni wewe. Mpe mpango huo, mwambie kauandika mtu mwengine, na wewe wataka makosa yake yote."

Nikafanya hivyo. Ama, Dada, yule mpole wangu akageuka mama mkwe. Aliuliza maswali kumi na manne. Mengi yalikuwa madogo, lakini moja lilisema hivi: mpango unasema masufuria hurudi siku ya pili baada ya harusi, habari hii imetoka kwa nani? Tangu karamu iishe mpaka sufuria lifike stoo, linapita mikononi mwa nani, na linasubiri nini?

Rahma alikuwa amesimama nyuma yangu. "Haya, imetoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe umeipata wapi?"

"Si jambo la kawaida tu hilo? Harusi imekwisha, chombo kinarudi."

"Kizimkazi nako lilikuwa jambo la kawaida."

Nikampigia Bi. Zuwena. Naye akasema ndiyo, siku ya pili yanarudi, yakichelewa basi ni uzembe wa watu na uvivu wa dereva. Nikamuuliza dereva wa gari yake ya mizigo, akasema yeye si mvivu, akienda huambiwa "njoo baadaye," akaenda baadaye huambiwa vile vile. Sasa nani mkweli? Rahma akasema hili halijibiwi kwa kukaa kitini. Lifuate sufuria lenyewe.

Bahati ikaangukia upande wetu. Wiki ya kwanza ya Mfungo Mosi Bi. Zuwena alipika harusi ndogo Matemwe siku ya Alhamisi, masufuria mawili tu, na hakuwa na kazi nyengine wiki ile. Jumatatu nikapanda na yule dereva tukaenda. Nyumba ya harusi ni ya Bi. Kazija, mama wa biharusi. Nikapiga hodi, nikakaribishwa kwenye mkeka, nikawekewa chai na mkate wa kumimina kabla hata sijasema ninakotoka. Na pale uani nikayaona: Mpole na Mgomvi, yamesuguliwa kwa majivu mpaka yanamulika, yamefunikwa kifudifudi juu ya jamvi safi. Siku ya nne.

"Nimekuja kwa ajili ya masufuria ya Bi. Zuwena," nikasema.

Uso ukamshuka. "Kayataka?"

"Hapana, mama. Nauliza tu, yatarudi lini?"

"Alhamisi. Fungate ya mtoto inakwisha, atakuja na mumewe kula hapa. Tutapika. Ndo tutamtilia na Zuwena chake humo, yaende."

"Lakini yako tayari, safi kabisa. Si yangerudi tu hivi hivi, matupu?"

Kulikuwa na wanawake wawili pembeni wanachambua mchicha. Mikono ilisimama.

"Matupu?" akasema Bi. Kazija, taratibu. "Mtu kakuachia vyombo vyake, kakusitiri harusi ya mwanao, watu wamekula wameshiba, halafu umrejeshee chombo kitupu? Baba, wewe umelelewa na nani?"

Nilitaka kujibu kwamba nimelelewa na Tausi wa Ujiji, lakini nikaona nisikuingize kwenye fedheha yangu. Maana wewe ndiye uliyenituma mara ngapi nirudishe bakuli la jirani likiwa na dagaa, au mihogo, au hata chumvi ya kufunga kwenye karatasi siku ambazo hatukuwa na kitu? Wewe ndiye uliyenichapa siku nilipokula zile ndizi njiani nikafikisha bakuli tupu. Nimekulia ndani ya desturi hii, na bado nikakaa mbele ya kompyuta nikaandika "siku ya pili," kwa mkono wangu.

Nikamwomba radhi Bi. Kazija. Akanisamehe, akaniongeza chai, akaeleza zaidi. Hata wale wa Shaabani ndivyo ilivyokuwa. Wao waliachiwa masufuria yote sita, na sufuria kubwa kiasi kile huwezi kulitilia vitumbua vitatu ukasema umeshukuru. Wakangoja wapate kitu cha maana. Kwa hiyo, Dada, kila sufuria lilivyokuwa kubwa ndivyo lilivyochelewa, na kila watu walivyomheshimu Bi. Zuwena ndivyo walivyozidi kumharibia.

"Angalituwekea kibakuli tu," akasema mmoja wa wale wachambuaji, kama mtu anayezungumza na mchicha wake, "tungelimtilia kitu kidogo, roho zikatua, masufuria yakenda zake. Lakini hakuweka."

Nikatoa daftari nikaandika maneno yake kama yalivyo. Wale wawili wakacheka wakanong'onezana. Nadhani walidhani mimi ni wa serikali.

Kutoka huko nilikwenda moja kwa moja Bububu. Bi. Zuwena aliposikia alikasirika. "Haya, watu wa shamba hawa nao. Masufuria ya kazi yale. Nani kawaambia mie nangojea kutiliwa? Chombo cha mtu ukimaliza nacho, mrejeshee, basi."

Nilikuwa nimekaa jikoni kwake, nimeelekea rafu ya vyombo. Vyote vyeupe, vimepangwa kwa ukubwa, ila bakuli moja la maua ya buluu limekaa peke yake ukingoni.

"Bi. Zuwena, lile bakuli ni lako?"

"Lipi? Ah, hilo la jirani wa nyumba ya pili. Aliniletea tambi za futari."

"Za futari. Ramadhani si imetoka zamani?"

"Imetoka. Nangoja nipate nafasi nikaange visheti, nimti..."

Akasimama hapo hapo. Akalitazama bakuli. Akanitazama mimi. Nami, Dada, nilijitahidi sana kutazama chini. Akaanza kucheka kwa tumbo kwanza, bila sauti, mpaka akafuta macho kwa kanga. "Ewe Mola wangu. Mie ndo mwivi wa masufuria yangu mwenyewe." Akaita wanawake wake waliokuwa stoo waje wasikie, na akawahadithia kama vile mimi sikuwepo, na kila alipohadithia mimi nilizidi kuwa mjinga na bakuli likazidi kukaa siku nyingi.

Siku ya pili tukakaa na mpango upya, mimi, Rahma na msaidizi. Nikamweleza msaidizi habari ya kibakuli. Akauliza swali la maana: je, bakuli lenyewe lisiporudi? Nikampigia Bi. Zuwena, akajibu, "Bakuli lisubiri. Ndo kazi yake." Msaidizi akauliza jengine: nani ataiambia nyumba kwamba masufuria yanaweza kwenda matupu? Yeye alipendekeza ujumbe wa simu. Bi. Zuwena akasema hapana, jambo hilo husemwa kwa mdomo, naye mwenyewe, akimkabidhi mama mwenye nyumba bakuli mkononi mbele ya wanawake wengine, wasikie wote. Basi tukaliandika hivyo hivyo: hatua hii haina simu wala programu.

Halafu msaidizi akashauri kitu ambacho sikukipenda hata kidogo. Alisema harusi mbili zinakuja wiki ijayo, basi mpango ujaribiwe kwa karatasi kwanza, tuone unapovunjika, ndipo tuandike. Mimi, Dada, vidole vilikuwa vinaniwasha. Ramadhani nzima sijaandika mstari. Asubuhi moja Rahma ametoka, nikafungua faili, nikaanza kidogo tu. Nikasikia nyuma yangu, "Kaka Athumani, hicho nini?"

"Rangi tu. Nachagua rangi."

"Funga."

Nikafunga. Nikachukua karatasi kubwa za manila, kalamu nne, nikaenda Bububu kubandika ukutani kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Alhamisi wakaenda Matemwe, nyumba nyengine, harusi kubwa, masufuria yote sita. Bi. Zuwena akamaliza kupika, akatoa bakuli la bati lenye mfuniko alilolinunua sokoni Darajani kwa kazi hiyo, akamkabidhi mama wa nyumba mbele ya watu, akasema maneno yake. Wanawake wake waliniambia mama yule alikubali, lakini uso wake haukukubali.

Ijumaa baada ya sala dereva akaondoka kwenda kuyachukua. Mimi nikaenda Bububu kungoja. Sikuwa na kazi pale, ila nisingeweza kukaa pengine. Bi. Zuwena alikuwa anachagua mchele ambao ulikwishachaguliwa. Mara moja alisema, "Yasipokuja leo, kesho hayaji, Jumapili hayaji." Nikasema, "Yatakuja." Akasema, "Umejuaje?" Safari hii angalau nilijua kwamba sijui.

Alasiri tukayasikia kabla hatujayaona. Masufuria sita matupu nyuma ya gari mbovu kwenye barabara ya Bububu ni ngoma peke yake. Bi. Zuwena akatoka bila viatu. Akayagusa moja moja akiyataja, Tajiri, Mpole, mpaka la sita, halafu akayataja tena kuanzia la kwanza. Dereva akatoa kwenye kiti cha mbele lile bakuli, limefungwa kwa kitambaa, ndani mna kaimati bado zina joto. "Wamekataa kulibakisha," akasema. "Wamesema liende na masufuria, wasije wakasahau." Tukazila pale pale tumesimama, na Mgomvi nikalibeba mimi mwenyewe mpaka stoo, na goti halijanisamehe bado.

Jumapili harusi ilikuwa mtaani kwangu, milango minne kutoka hapa. Wanaume walipotoka msikitini adhuhuri, sinia zilikuwa zimekwishatangulia kwenye majamvi na pilau inafuka moshi. Mimi nilikuwa wa tano kwenye sinia yangu. Wakanisogelea. Kwenye sinia hiyo alikuwepo mzee mmoja wa makamo, mtu wa mjini, ambaye alikula tonge kadhaa, kisha akauliza, "Nani kapika?"

"Zuwena wa Bububu," nikasema.

"Yule wa Shaabani?"

Akatwaa tonge jengine, akatafuna, akatafakari. "Mwanangu wa kiume anaoa baada ya Idi Kubwa," akasema. "Mwambieni asikubali pengine kabla sijamwona."

Nikaondoka kabla ya halua, na wewe unajua mapenzi yangu na halua. Nikazunguka uani kwa wapishi, nikasimama mbali kidogo maana pale ni kwa wanawake, nikamwita. Nikamwambia neno kwa neno. Bi. Zuwena alikuwa ameshika mwiko mrefu kama kafi. Hakutabasamu, hakusema alhamdulillahi kwa sauti.

"Kala vizuri?" akauliza.

"Kala vizuri."

"Haya." Akaegemeza mwiko ukutani, akakaa juu ya kigoda. Mmoja wa wanawake wake akaninong'oneza kuwa hajamwona kakaa tangu Ijumaa.

Jana alikuja ofisini na Rahma akamwekea kiti changu, mimi nikasimama. Akaupokea mpango mzima, kurasa tano sasa, akausoma mstari kwa mstari kwa kidole, akasema naam, hivi ndivyo. Halafu akatazama huku na huku kama anayetafuta kitu chumbani.

"Sasa hiyo programu yenyewe iko wapi?"

"Bado, Bi. Zuwena," nikasema. "Leo ndiyo nimeruhusiwa kuanza."

Akafikiri. "Yaani harusi zangu mbili zimekwenda kwa makaratasi?"

"Kwa makaratasi na bakuli."

"Basi usiiharakishe, baba," akasema, akavaa viatu vyake. "Nna harusi tano baada ya Idi Kubwa. Isije ikaniharibia."

Rahma alicheka mpaka akatoka nje. Nimeanza leo asubuhi. Nimeandika mistari kumi na miwili, nikasimama kukuandikia wewe, kwa hiyo Bi. Zuwena anatiiwa.

Nisalimie shemeji Kasimu, ashuke kwenye paa. Msalimie Mama Mkubwa Nyamizi aliyetupokea tulipofiwa. Mwambie dawa ya macho nimeipata na Asha ataifunga kwenye mzigo. Sakina mwanao aliye chuo cha unesi mwambie mjomba wake anaringa naye mbele ya watu ambao hawakuuliza. Msalimie na maalimu wetu wa madrasa. Kama bado anakumbuka fimbo aliyonivunjia, mwambie haikupotea bure kabisa. Na wewe ule kwa wakati, ulale mchana kidogo, na ukiulizwa Athumani anafanya nini Zanzibar, sema anauliza watu maswali na analipwa kwa hilo.

Mungu akulinde, Dada. Nakushika miguu kutoka huku mbali.

Mdogo wako ambaye hujamaliza kumlea,
Athumani